G3 au SMG? Muulize mpagazi

Kwenye vijiwe vya kahawa, ubishi wa bunduki hautofautiani sana na ubishi wa Simba na Yanga. Mmoja ameshika simu, anasoma takwimu: G3 risasi yake inafika mbali, inatoboa mti na aliyejificha nyuma ya mti. Mwenzake, aliyepita JKT miaka ile, anamkatiza kabla hajamaliza: SMG unaiburuza matopeni, unaikung'uta, na bado inalia. Wa tatu, aliyetazama sinema nyingi kuliko wote, anaitetea M16 ya Wamarekani. Kahawa inapoa, kashata zinakwisha, mshindi hapatikani.

Hapatikani kwa sababu wote watatu wanapima chuma. Wanalinganisha urefu wa mtutu, kasi ya risasi, idadi ya milio kwa dakika, kana kwamba bunduki inatoka kiwandani na kwenda vitani peke yake. Anayetaka kulinganisha bunduki za kijeshi kwa haki angeanza kwingine kabisa, kwenye sanduku la risasi: limetoka wapi, lina uzito gani, nani analibeba, na likiisha nani analijaza.

Kwanza jina, maana hata hilo linachanganya. Msomaji wa Tanzania amelizoea neno SMG kutoka habari za polisi: majambazi wamekamatwa na SMG moja, SAR moja na risasi kadhaa. Jirani yake wa Kenya silaha hiyohiyo anaiita AK-47. Iliyoingia Tanzania kwa wingi ni ya Kichina, Type 56, nakala ya bunduki ya Mrusi Mikhail Kalashnikov, na Wachina wenyewe waliiweka kwenye kundi la bunduki ndogo za rashasha, ambalo kwa kifupi cha Kiingereza ni SMG. SAR nayo ni ndugu yake wa mwaka uleule, inayofyatua risasi moja kwa kila mvuto wa triga. Mtaalamu wa Ulaya akisikia Mtanzania anaita Kalashnikov SMG atadhani kakosea. Hajakosea, amelipokea jina pamoja na silaha.

Sasa twende Tanga.

Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilitokea mbele ya mji huo zikiwa na wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Upande wa pili kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliweza kukusanya watu 1,000 hivi, sehemu kubwa askari Waafrika, akiwaleta kwa reli kutoka upande wa Kilimanjaro. Kwa takwimu za kijiweni, mechi hiyo ilikuwa imekwisha kabla ya filimbi. Mwingereza alikuwa na Lee-Enfield fupi: risasi kumi ndani ya magazini, baruti isiyo na moshi, na bolti nyepesi kiasi kwamba askari aliyefundishwa barabara alitakiwa kupiga risasi 15 za kulenga kwa dakika moja. Askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado na bunduki ya mwaka 1871. Hiyo ni ya risasi moja: ukishafyatua unafungua, unatoa ganda, unatia nyingine, unafunga. Risasi yenyewe ni nene, milimita 11, na ndani yake ni baruti nyeusi, ileile ya enzi za gobori.

Baruti nyeusi ina aibu yake. Kila mlio unaacha wingu jeupe mbele ya mdomo wa bunduki. Anayepigwa hamwoni mtu aliyejificha kwenye kichaka, lakini wingu analiona, na akilenga chini yake kidogo hakosi sana. Mfyatuaji naye haoni kitu mpaka moshi upite, na pasipo upepo, katikati ya minazi na majani marefu, moshi hauna haraka ya kupita. Askari mwenye bunduki ya 1871 alikuwa akijitangaza kila alipovuta triga.

Lakini tarehe 5 Novemba waliokuwa wakipanda tena meli kwa aibu ni Waingereza. Sababu zilikuwa nyingi, na bunduki haikuwa ya kwanza. Askari wa Lettow-Vorbeck walikuwa na mafunzo ya miaka, na kombania zao zilikuwa na bombomu zilizofyeka mistari ya wanajeshi wa Kihindi. Wahindi walikuwa wametoka kwenye safari ndefu ya bahari iliyowachosha, na baadhi yao walikabidhiwa Lee-Enfield fupi muda mfupi tu kabla ya kuondoka kwao. Silaha bora, mikononi mwa mtu ambaye hajaizoea. Hata nyuki waliingia vitani: mizinga yao iliyotundikwa mitini ilipigwa risasi, wakatoka na hasira isiyochagua upande.

Aliyeshinda, basi, ndiye aliyekuwa na bunduki mbovu zaidi. Na moja ya kazi zake za kwanza baada ya ushindi ilikuwa kuanza kuachana nazo. Waingereza walikuwa wameacha ufukweni silaha za kisasa za kutosha kombania tatu, bombomu kadhaa na malaki ya risasi. Mjerumani aliziokota zote, akazigawa.

Kuanzia hapo vita vya Afrika Mashariki kwa upande wa Wajerumani vikawa ni vita vya kutafuta risasi. Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Kiingereza. Aprili 1915 meli iliyojifanya ya Denmark, jina lake halisi Rubens, ilifanikiwa kufika pwani hii, ikakimbizwa na kuingia ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikapigwa na kuzama kwenye maji mafupi. Ndani yake kulikuwa na bunduki 1,800 za mtindo wa 1898, zile zenye baruti isiyo na moshi, pamoja na shehena kubwa ya risasi. Wazamiaji walizitoa.

Bunduki iliyolowa maji ya bahari ni jambo dogo. Inafutwa, inapakwa mafuta, inarudi kazini. Risasi ni habari nyingine. Kwa nje haionyeshi kitu: shaba inang'aa ukiisugua. Ugonjwa uko ndani. Kwa hiyo risasi zilifunguliwa, kichwa kikang'olewa kwenye ganda, baruti ikamwagwa na kukaushwa, ganda likasafishwa, kisha vyote vikarudishwa mahali pake. Fanya hivyo kwa risasi moja, uone muda unaokwenda. Halafu fikiria makasha kwa makasha. Na bado kuna fataki, kile kidude kidogo kilichokaa nyuma ya ganda, ambacho pini ya bunduki inakigonga ili baruti iwake. Fataki iliyoingia chumvi haionekani kwa macho. Askari anaijua akishavuta triga, anaposikia "tak", kisha kimya, na adui yuko hatua hamsini.

Oktoba 1917, huko Mahiwa, bara ya Lindi, Lettow-Vorbeck alipigana siku nne akawazuia Waingereza na kuwatia hasara kubwa kuliko yake. Vitabu vingi vinauita ushindi wake mkubwa. Ulikuwa ushindi uliomla: karibu risasi zake zote za baruti isiyo na moshi zilikwisha pale, na sehemu kubwa ya akiba iliyobaki ilikuwa ya bunduki ileile ya 1871 ambayo kila mmoja alikuwa akitamani kuitupa. Mwezi uliofuata akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Novemba 25 akaivamia ngome ya Wareno ya Ngomano, na jioni yake karibu nusu ya jeshi lake lilikuwa likibeba bunduki za Kireno zenye risasi nyembamba ya milimita 6.5. Nani alikaa kujadili kama Mauser ya Kireno inalenga vizuri kuliko ya Kijerumani? Ilikuwa na risasi. Mjadala ulikuwa umefungwa.

Mwaka mmoja kamili baadaye, Novemba 25, 1918, alisalimisha silaha Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala nchini Zambia. Bunduki zilizokabidhiwa zilikuwa 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Kijerumani lililozunguka miaka minne kutoka Tanga hadi Msumbiji na kurudi halikuwa tena na bunduki ya Kijerumani ya kukabidhi.

Miaka thelathini na kitu baadaye, kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, mafundi wa Mau Mau walifika mahali palepale kwa njia yao. Bunduki za kutengeneza kwa mkono, bomba la maji likiwa mtutu, komeo la mlango likiwa bolti, mpira wa baiskeli ukiwa springi, zilifuatisha unene wa risasi zilizoweza kuibwa. Fundi alianza na risasi, ndipo akatafuta bomba.

Turudi kijiweni. G3 na SMG zote zinaitwa za 7.62, na hapo ndipo wabishi wengi wanapopotelea. Namba hiyo ni upana wa tundu la mtutu kwa milimita, na upana kweli unalingana. Urefu haulingani. Risasi nzima ya SMG, kutoka kitako cha ganda hadi ncha, ina milimita 56, karibu kidole cha mwisho cha mtu mzima. Ya G3 ina 71, kidole cha shahada. Tofauti ya vidole hivyo viwili ni baruti, na baruti ndiyo masafa, teke begani na uzito mgongoni.

Uzito ndio unaosahaulika. G3 tupu ina kilo 4 na nusu hivi. Type 56 haiko mbali sana, inakaribia 4. Kwa chuma peke yake ubishi ungeishia suluhu. Lakini risasi moja ya G3 ina gramu 24 hivi, ya SMG 16 au 17, na ile ndogo ya M16, ya 5.56, gramu 12. Mpe askari kilo kumi za risasi bila kuhesabu magazini: mwenye G3 anaondoka na 400 na kidogo, mwenye SMG na 600, mwenye M16 na zaidi ya 800. Baada ya siku tatu porini, tofauti hiyo haihitaji mtaalamu wa silaha kuieleza.

Wamarekani walijua mapema kwamba nguvu nyingi ya risasi inapotea bure. Mwaka 1952 ripoti ya Norman Hitchman, iliyoandaliwa kwa ajili ya jeshi lao, ilionyesha kwamba kwenye mapigano halisi bunduki inampata adui kwa kawaida ndani ya yadi 300, na zaidi ya hapo ni bahati. Wakaisoma, kisha wakawashinikiza wenzao wa NATO kuchukua risasi ndefu ileile. Ndiyo iliyoingia kwenye FAL ya Ubelgiji na G3 ya Ujerumani, na kwa njia hiyo ndiyo iliyofika kwenye kambi za Kenya. Mrusi, ambaye hakuwa na wa kumshinikiza, alishachukua fupi.

Hapa G3 itendewe haki, maana upande wa Tanzania huwa inadharauliwa. Ni bunduki ya bati lililokandamizwa na kuchomelewa, rahisi kutengeneza. Ureno, Uturuki, Iran na Pakistan zote zimewahi kuiunda kwenye viwanda vyao. Na kuna nchi ambayo inaifaa. Mtu aliyesimama kwenye tambarare ya Turkana au Wajir anaona ng'ombe wakiwa bado ni vumbi kwenye upeo wa macho. Mwenye SMG ataanza kubahatisha baada ya mita 300 au 400. Mwenye G3 anayejua shabaha bado yuko kazini. Ila awe anajua shabaha, na bega lake liwe limezoea. G3 inasukuma. Kuruta anayeogopa bunduki yake mwenyewe hufumba macho kabla ya kuvuta triga, na risasi iliyopigwa kwa macho yaliyofumba haina masafa yoyote.

Kalashnikov iliundwa kwa ajili ya mtu wa aina hiyo. Kidude chake cha usalama kiko upande wa kulia, bapa kubwa la chuma linaloweza kusukumwa hata kwa mkono wenye glovu: juu kabisa haifyatui, katikati ni mfululizo, chini kabisa ni moja moja. Aliyeshtuka akalisukuma bapa kwa nguvu zote linamfikisha chini, kwenye moja moja, badala ya kumwaga magazini nzima hewani. Sehemu za ndani zina nafasi kati yake, mchanga unapata pa kukaa bila kukwamisha kitu. Gharama yake inajulikana pia: nafasi hizohizo zinapunguza usahihi, na bapa lile linatoa mlio mkali ambao usiku wa kimya unasikika mbali kuliko mwenye silaha angependa.

Vita vya Kagera vilionyesha faida ya urahisi huo. Kati ya mwisho wa 1978 na mwanzo wa 1979 jeshi la Tanzania lilipanda kutoka watu wasiofika 40,000 hadi zaidi ya 150,000, kwa kuingiza mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT. Watu hao hawakuwa na miaka ya kufundishwa kama askari wa Tanga. Walihitaji silaha inayofunguliwa, kufutwa na kufungwa gizani na mtu aliyekuwa shambani msimu uliopita. Ni kweli Wachina waliileta Type 56 kwa sababu za siasa kuliko za ufundi, lakini siasa mara hiyo ilibahatisha vizuri.

Ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na pambano lingine la bunduki hizohizo. Wareno walipigana na FRELIMO kwa miaka kumi wakiwa na G3 zilizoundwa kwao Lisbon. Wapiganaji waliotokea Nachingwea walikuwa na Kalashnikov. Leo Kalashnikov iko kwenye bendera ya Msumbiji. Kudai kwamba iliishinda G3 ni kuwasahau wanajeshi wa Ureno wenyewe, waliochoka na vita wakaipindua serikali yao Aprili 1974.

Mwenye kutetea M16 naye asikae kimya, kwa sababu kisa chake ndicho kinachofundisha zaidi. Bunduki ya Eugene Stoner ilipoanza majaribio ilisifiwa na kila aliyeishika: nyepesi, sahihi, haisukumi. Ilipofika Vietnam kwa wingi, kati ya 1965 na 1967, ilianza kukwama. Ganda lilinasa chemba na halikutoka. Askari alilazimika kuchukua ufito wa kusafishia, kuupitisha kwenye mtutu kutoka mbele na kuligonga ganda kwa nyuma, kazi ambayo mababu wa gobori wangeitambua, huku anapigwa risasi. Barua zilifika kwa wazazi, wazazi wakaandikia wabunge, na mwaka 1967 kamati ya bunge chini ya Richard Ichord ikachimba.

Kilichopatikana hakikuwa kwenye chuma pekee. Jeshi lilikuwa limebadilisha baruti ndani ya risasi bila kuijaribu vya kutosha na bunduki hiyo. Baruti mpya iliacha masizi zaidi na kuiendesha bunduki kwa kasi kuliko ilivyosanifiwa. Chemba haikuwa imepakwa kromu, na unyevu wa msituni ukaitia kutu. Juu ya hayo vifaa vya kusafishia vilikuwa haba, kwa sababu uvumi ulikuwa umeenea kwamba silaha hii ya kisasa haihitaji kusafishwa sana. Chemba ikapakwa kromu, baruti ikarekebishwa, vifaa vikagawiwa, na bunduki ileile iliyolaaniwa ikaendelea kubebwa na jeshi hilo, kwa sura zake mbalimbali, hadi leo. Waliokufa kabla ya hapo waliuawa na uamuzi wa ofisini kuhusu baruti.

Waingereza wana kisa cha namna hiyo na SA80 yao ya 1985, iliyolalamikiwa jangwani 1991 hadi ikabidi ikarabatiwe na Wajerumani. Cha Waisraeli ni kizuri zaidi. FAL zao ziliwasumbua kwenye mchanga, wakaziona Kalashnikov walizoteka zinavyovumilia, wakaunda Galil kwa mfano wake, ikachaguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walifikiria mpaka soda: askari walikuwa na tabia ya kufungulia chupa kwa mdomo wa magazini, magazini inapinda, bunduki inakwama. Galil ikawekewa kifungulio cha chupa. Bunduki iliyojibu kila lalamiko la mpiganaji, na bado ikashindwa na M16, ambazo Marekani ilikuwa ikizitoa kwa msaada kwa bei ambayo hakuna kiwanda cha nyumbani kingeweza kushindana nayo. Tena zilikuwa nyepesi.

Kwa hiyo mtu akiuliza Afrika Mashariki ina bunduki gani nzuri, jibu la maana liko kwenye viwanda vya risasi vya Morogoro, Eldoret na Nakasongola. Morogoro kuna Shirika la Mzinga, lililojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Wachina. Eldoret kuna kiwanda cha risasi cha Kenya kilichoanzishwa 1997 kwa utaalamu wa Wabelgiji. Nakasongola, Uganda, kuna Luwero Industries. Kila kiwanda kilifuata bunduki iliyokuwa imekwishaingia nchini, na sasa kila bunduki inafuata kiwanda. Kenya ilipofungua kiwanda cha bunduki Ruiru Aprili 2021, kikielezwa kuwa na uwezo wa kuunda 12,000 kwa mwaka, gumzo lilikuwa juu ya sura ya bunduki yenyewe. Swali la nani atailisha, kwa risasi ipi na kwa bei gani, halikupata picha kwenye kurasa za mbele.

Swali hilo halikai tena ndani ya mpaka wa nchi moja. Novemba 2022 kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilianza kuingia mashariki mwa Kongo, kikiwa na Wakenya, Warundi, Waganda na Wasudani Kusini, kikaondoka Desemba 2023. Kwenye jukwaa ulikuwa umoja. Kwenye ghala, urithi wa Wachina na Warusi ulikuwa umekaa na urithi wa NATO, na kidole cha mwisho hakiingii kwenye chemba ya kidole cha shahada. Kombania iliyoishiwa haiwezi kuazima kwa jirani wa upande wa pili wa barabara, hata kama jirani anazo tele na anataka kuzitoa. Mawaziri wa ulinzi wa jumuiya hii wanaweza kutumia miaka kumi kujadili bendera na amri. Wangefanya jambo la maana kama wangekubaliana risasi moja kwa vikosi vya pamoja, hata kama bunduki zinabaki za kila mtu na lake. Ni mazungumzo yasiyo na picha nzuri, na pengine ndiyo maana hayafanyiki hadharani.

Nao Wamarekani wamerudi walikotoka. Aprili 2022 jeshi lao la nchi kavu liliichagua bunduki mpya ya SIG Sauer, ambayo sasa inaitwa M7, yenye risasi ya 6.8 ya kutoboa fulana za kisasa za kuzuia risasi. Inatoboa kweli. Ni nzito kuliko iliyotangulia, magazini yake ya kawaida ni ya risasi 20, na magazini saba za mpiganaji zinampa 140 badala ya 210 alizozoea. Wabishi wa kijiweni wa huko, wenye vyeo begani, wameshagawanyika, na hoja zao ni zilezile za Hitchman, zimebadilishwa mwaka tu.

Katika vita vya Tanga na Mahiwa hakukuwa na malori ya kutosha, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Sanduku la risasi lilisafiri juu ya kichwa cha mtu. Pande zote mbili ziliwakamata wanakijiji kwa malaki, makumi ya maelfu wakafa, wengi kwa njaa, kuhara na malaria. Dar es Salaam, kwenye Barabara ya Samora, Sanamu ya Askari iliyosimikwa 1927 ina mtu mmoja mwenye bunduki na singe, na wapita njia hupiga naye picha. Kariakoo iko umbali wa kutembea kutoka hapo, ikiwa na jina la kikosi cha wapagazi ambalo wauza nguo na wanunuzi wanalitaja kutwa bila kulifikiria. Nairobi, kwenye Kenyatta Avenue, sanamu za vita vilevile ni tatu. Mmoja wao ni mpagazi. Yeye hana bunduki.